Kasoro iko kwenye mboga, chanzo kiko udongoni: kutafuta tatizo kabla ya kununua mbolea

Majani yakipauka, mkono wa kwanza huenda kwenye mfuko wa yurea. Mara nyingi huko siko. Madini yanaweza kuwa tele ardhini na mmea usiyapate: yamefungwa na uchachu, yameshikwa na chokaa, hayasafiri kwa kukosa maji, au mzizi wenyewe ni mgonjwa. Mbolea ikiongezwa juu ya hali hiyo, fedha hupotea na mazao huzidi kuharibika. Kwa hiyo dukani ni mwisho wa safari, na shambani ndiko pa kuanzia.

Maelezo haya yanalenga mashamba na bustani za Afrika Mashariki: udongo mwekundu wa milimani kama Lushoto, Njombe na Kisii, udongo mweusi wa mbuga kama wa Mwea, na ardhi ya matumbawe ya pwani. Dalili moja inaweza kuwa na chanzo tofauti katika kila mojawapo.

Kabla ya lolote: jani, mpangilio, mzizi

Angalia dalili imeanzia jani lipi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga, kwa hiyo dalili huanza chini. Kalsiamu, boroni na chuma hazihami kirahisi, basi dalili zake huonekana juu, kwenye ncha, kwenye jani changa au kwenye tunda. Salfa na zinki nazo huegemea upande wa majani machanga. Kigezo hiki kimoja huondoa nusu ya makosa.

Kisha simama mbali uangalie shamba zima. Upungufu wa madini huchukua kipande chenye udongo wa aina moja. Virusi huanza na shina moja hapa, jingine kule. Dalili ikifuata mstari mmoja ulionyooka, kagua bomba la matone lililoziba, au mstari ulioruka mbolea siku ya kupanda.

Halafu ng'oa mashina matatu: moja gonjwa sana, moja la wastani, moja zima. Usivute kwa mkono. Chimba pembeni, tia mzizi kwenye ndoo ya maji, udongo uachie wenyewe. Ukikuta vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, hiyo ni minyoo fundo. Mmea wenye minyoo fundo huonekana kama una njaa ya kila kitu na hunyauka mchana hata kwenye udongo wenye unyevu. Hakuna mbolea itakayouponya. Badilisha zao, panda vitunguu au mahindi msimu unaofuata, au funika udongo uliolowa kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali. (Kwenye maharage usichanganye mambo: vifundo vinavyobanduka kwa ukucha na vyenye rangi ya waridi ndani ni vile vyema, vinavyotengeneza naitrojeni.)

Mizizi ikiteremka vizuri halafu ikapinda yote kwa kina kimoja, kuna tabaka gumu. Lithibitishe kwa kusukuma nondo nyembamba kwenye udongo wenye unyevu. Ikigoma kila mahali kwenye sentimita 15 au 20, hapo ndipo jembe limekuwa likiishia mwaka baada ya mwaka.

Kuoza kitako: nyanya nyeusi chini, na pilipili hoho vilevile

Doa huanzia upande wa tunda ulio mbali na kikonyo. Huanza kama limelowa, kisha huwa jeusi au kahawia, kavu, limedidimia. Kinachopungua ni kalsiamu ndani ya tunda, na hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu kalsiamu mara nyingi ipo shambani ya kutosha.

Kalsiamu husafiri na maji tu, kutoka mzizini kwenda kule maji yanakovukizwa. Jani hutoa maji mengi, tunda hutoa kidogo, kwa hiyo jani hushinda siku zote. Umwagiliaji ukikatika siku tatu halafu ukamwaga kwa wingi, tunda lililokuwa linakua haraka hukosa sehemu yake. Kidonda hutengenezeka tunda likiwa dogo, katika wiki mbili za kwanza hivi tangu lishike, ingawa wewe utakiona baadaye. Aina zenye tunda refu kama Roma hupata shida hii kuliko zile za mviringo.

Fuata mpangilio huu wa kukagua:

1. Maji. Chimba sentimita 15 karibu na shina saa nane mchana. Udongo ukimwagika kama unga, tatizo umelipata. Nyanya iliyobeba wakati wa kiangazi huhitaji takriban lita 2 kwa shina kwa siku. Kwenye mfinyanzi unaweza kutoa lita 4 kila baada ya siku moja. Kwenye kichanga gawa asubuhi na jioni. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8.
2. Mbolea iliyowekwa karibuni. Yurea au salfeti ya amonia nyingi wakati wa maua huleta amonia inayoshindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi, na pia hukuza majani yanayonyonya maji yote. Potasiamu iliyozidi hufanya vivyo hivyo. Badilisha mbolea ya kukuzia iwe CAN (kalsiamu amonia naitreti) au kalsiamu naitreti, gramu 5 kwa shina, ujazo wa kizibo kimoja cha soda hivi.
3. Chumvi kwenye maji au udongo, inayozuia mzizi kunywa.
4. Uchachu. Hapa tu, pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huzidi) ikiwa chini ya 5.5, ndipo kalsiamu yenyewe inaweza kuwa haba, na dawa yake ni chokaa ya kilimo kabla ya msimu ujao.

Kupulizia kalsiamu naitreti gramu 5 kwa lita husaidia kidogo matunda machanga, kama dawa inayagusa yenyewe. Lililokwisha kuoza halirudi. Lichume ulitupe, lisiendelee kula chakula cha mengine.

Majani ya chini yamekuwa ya njano, mmea umedumaa

Njano iliyoenea jani zima, mishipa pamoja, kuanzia chini, ni naitrojeni. Lakini uliza imekwenda wapi. Ikiwa uliweka samadi ambayo haijaiva au pumba za mbao, vijidudu vya udongo vimeichukua vikimeng'enya mabaki hayo, na itarudi baada ya wiki kadhaa. Ikiwa maji yalituama, mizizi imekosa hewa. Inua matuta kwanza. Ikiwa ni kichanga na mvua imenyesha mfululizo, imezama chini ya mizizi, basi gawa dozi ndogondogo. Kwa mchicha, gramu 10 za yurea kwa mita ya mraba mara moja, wiki mbili tangu uote, na umwagilie papo hapo.

Njano ikiwa kati ya mishipa huku mishipa imebaki ya kijani, bado ni majani ya chini, hiyo ni magnesiamu. Pulizia chumvi ya Epsom gramu 20 kwa lita, mara mbili kwa wiki mbili. Ikijirudia kila msimu kwenye udongo mchachu, tumia chokaa ya dolomiti, ambayo ina magnesiamu ndani yake.

Mboga nzuri machoni, lakini maji matupu na zinaoza siku ya pili

Hili ndilo tatizo la wauzaji wa mchicha, sukuma wiki, spinachi na chainizi, na chanzo ni kinyume cha kile cha juu: naitrojeni imezidi. Jani huwa pana, la kijani kizito, laini, chembechembe zake zimejaa maji. Hunyauka haraka kwenye fungu, vidukari hulipenda, na vitamini C hupungua kwa kila gramu ya jani. Naitrojeni ambayo mmea haukuwahi kuigeuza protini hubaki kama naitreti kwenye jani na kikonyo, jambo lisilofaa hasa kwa mtoto mchanga anayeanza kulishwa.

Dawa yake haina gharama. Acha yurea wiki mbili kabla ya kuchuma. Usipande mboga za majani chini ya kivuli kizito, kwa sababu mwanga ndio unaoendesha kazi ya kugeuza naitreti. Kwa sababu hiyohiyo jani lililochumwa alasiri huwa na naitreti kidogo kuliko la alfajiri. Anayechuma alfajiri kwa ajili ya soko anapata jani lililosimama vizuri, basi na achague, lakini ajue anachobadilishana. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza naitreti, ila vitamini C na potasiamu nazo huenda na maji hayo.

Samadi ya kuku nayo inaweza kuleta haya yote. Kuiita ya asili hakuizuii kuzidi. Iive miezi mitatu, isizidi kilo 1 kwa mita ya mraba. Ya ng'ombe iliyoiva inaweza kufika kilo 2.

Zambarau upande wa chini wa jani, miche haisogei

Fosforasi. Ila milimani, mwezi wa Juni na Julai, baridi peke yake huleta rangi hii kwenye miche ya nyanya na kabichi, kisha joto likirudi rangi hutoweka. Subiri wiki moja ya jua kabla ya kuhukumu.

Ikibaki, udongo mwekundu ndio mshukiwa. Umejaa oksidi za chuma na alumini, na pH ikiwa chini ya 5.5 hizi huikamata fosforasi ya mbolea kabla mzizi haujaifikia. Kurusha DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na amonia) juu ya shamba lote ni kuilisha ardhi na kuunyima mmea. Weka shimoni: gramu 5 hadi 10 kwa shina, funika kwa udongo sentimita 3 hadi 5 ili isiunguze mzizi, na uchanganye viganja viwili vya mboji, kwa sababu mboji huziba sehemu za udongo zinazonasa fosforasi.

Pana na mtego hapa. DAP yenyewe, ikitumika kila msimu bila kingine, huongeza uchachu, kwa kuwa amonia yake huachia tindikali inapogeuka naitreti. Mkulima hupandisha dozi, udongo hukamata zaidi, naye hupandisha tena. Kwenye udongo mchachu, fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara hufaa, maana tindikali ndiyo inayoiyeyusha na inakuja na kalsiamu. Pwani, penye chokaa, haitayeyuka, usiipeleke huko.

Chokaa ya kilimo: kwa pH ya 5, anza na gramu 150 kwa mita ya mraba kwenye kichanga, na 300 hadi 400 kwenye mfinyanzi. Changanya hadi kina cha sentimita 15 au 20, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Usiichanganye siku moja na yurea, DAP wala samadi mbichi, naitrojeni itapaa kama gesi ya amonia. Pitisha wiki tatu. Lengo ni pH 6 hadi 6.8. Ukipita hapo kwa pupa, unaanza kufunga zinki, manganizi na chuma. Kabichi yenye ugonjwa wa kuvimba mizizi ndiyo pekee inayostahili kupelekwa juu ya 7, kwa sababu kimelea cha ugonjwa huo hupenda uchachu.

Nyanya zenye mabega ya njano, zinaiva mabakamabaka, hazina ladha

Kingo za majani ya zamani zimeungua kahawia, tunda lina sehemu ngumu nyeupe ndani, halina utamu wala ukali. Potasiamu. Nyanya huchukua potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, lakini mpango wa kawaida wa wakulima wengi ni DAP wakati wa kupanda, yurea au CAN baadaye, na hakuna mahali potasiamu inapoingia. Kila kreti inayoondoka shambani inaibeba. Sukari, tindikali ya tunda na rangi yake nyekundu vyote vinaitegemea.

Weka mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye potasiamu nyingi au potasiamu salfeti, gramu 5 hadi 10 kwa shina tangu maua ya kwanza, ukigawa mara mbili. Majivu ya kuni nayo yanafaa, gramu 100 kwa mita ya mraba, kwenye udongo mchachu tu. Pwani majivu huongeza tatizo. Jua kali na joto linalozidi nyuzi 32 pia huleta mabega ya njano, kwa hiyo angalia kama matunda yaliyo chini ya majani yameiva sawasawa. Yakiwa sawa, kosa ni la kupogoa kupita kiasi.

Koliflawa na brokoli

Kata shina. Tundu lenye kuta safi, nyeupe, limetokana na kukua haraka kwa naitrojeni nyingi na nafasi pana. Tundu lenye kuta za kahawia, na ua lenye madoa ya kahawia na uchungu, ni boroni. Weka boraksi gramu 1 kwa mita ya mraba, ikichanganywa na mchanga mkavu ili isambae, mara moja kwa msimu. Usizidishe: nafasi kati ya kutosha na sumu ni ndogo sana, na maharage yatakayofuata ndiyo yatakayoungua.

Majani yakiwa membamba kama mkia wa mjeledi, yamebaki na mshipa wa katikati, ni molibdeni, na udongo ni mchachu. Chokaa hutosha.

Jani changa jeupe-njano, mishipa ya kijani: pwani

Udondoshee udongo mkavu matone ya siki. Ukitoa povu, una chokaa ya matumbawe, na chuma kilichomo kimefungwa. Salfeti ya chuma ukiimwaga ardhini itafungwa nayo. Pulizia kwenye jani, gramu 2 kwa lita, jioni, mara tatu. Kwa kuweka ardhini tafuta chuma cha kileti (kilichokingwa kisifungwe na udongo) aina ya EDDHA. Aina ya EDTA ni ya bei nafuu lakini huachia chuma pH ikipita 6.5 hivi. Mboji nyingi kila msimu ndiyo tiba ya kudumu, na uchaguzi wa zao: bamia na mchicha huvumilia kuliko nyanya.

Karoti, matango, vitunguu

Karoti yenye miguu miwili imekutana na jiwe, bonge, tabaka gumu, samadi mbichi au minyoo fundo. Lima sentimita 25 hadi 30, na samadi iwe ile ya zao lililopita. Iliyopasuka imepata maji mengi baada ya ukame. Tango chungu limekosa maji.

Kitunguu kina mambo yake. Ukali wake hutoka kwenye salfa, kwa hiyo udongo maskini wa salfa hutoa kitunguu kisicho na makali wala harufu. Salfeti ya amonia ina asilimia 24 ya salfa na hurekebisha, mradi udongo usiwe mchachu. Shingo nene isiyokauka, inayooza ghalani, ni naitrojeni iliyochelewa. Acha kukuzia mara kichwa kinapoanza kujaa.

Ukoko mweupe juu ya tuta, ncha za majani zimeungua

Chumvi. Kwenye skimu za umwagiliaji maji huvukizwa na chumvi hubaki. Uvumilivu hutofautiana sana: maharage na karoti huanza kupoteza mazao udongo ukifika desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi), kitunguu 1.2, kabichi 1.8, nyanya 2.5, na biti nyekundu huenda hadi 4. Hivyo shamba linaloua maharage linaweza bado kulipa kwa nyanya, na nyanya zake huwa tamu zaidi kwa sababu zinanywa kidogo, ingawa huwa ndogo.

Kabla ya kusukuma chumvi chini kwa maji mengi hakikisha kuna mfereji wa kutolea. Bila mfereji itapanda tena. Panda ubavuni mwa tuta, si kileleni ambako chumvi hujikusanya. Udongo ukiwa mgumu kama saruji, maji hayapenyi na pH inapita 8.5, kuna sodiamu, na maji peke yake hayatasaidia: changanya jasi kwanza, ndipo ufurike.

Mboga haina kasoro yoyote, na bado ni maskini

Seleniamu na iodini hazihitajiwi na mboga, ila zinahitajiwa na mlaji. Udongo ukizikosa, jani litastawi na kung'ara, halitaonyesha alama yoyote. Ufini iliona udongo wake ni haba wa seleniamu na tangu 1984 ikaanza kuitia kwenye mbolea za nchi nzima. Zinki iko katikati: mmea unaihitaji, lakini unaweza kuvumilia kiwango kisichomtosha mtoto anayeitegemea mboga hiyo. Fosforasi nyingi na chokaa nyingi huishusha. Salfeti ya zinki gramu 2 kwa mita ya mraba hutosha kwa misimu kadhaa. Vitamini, kwa upande wake, huongozwa zaidi na aina ya mbegu, mwanga na muda tangu kuchumwa. Usiutwishe udongo lawama zote.

Ubaya mwingine usioonekana ni risasi na kadimiamu kwenye bustani za mabonde ya miji, kando ya mito kama Msimbazi na Mto Nairobi, na pembezoni mwa barabara kuu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyotua ardhini haiendi popote. Sehemu kubwa yake hukaa juu ya jani kama vumbi, basi kuosha vizuri kunasaidia. Kadimiamu huingia ndani na haioshwi, na huingia zaidi udongo ukiwa mchachu. pH ya 6.5 na mboji huipunguza. Mahali pa mashaka panda nyanya, bamia au biringanya, maana tunda hukusanya kidogo kuliko jani na mzizi.

Sampuli ya maabara

Dalili zikigongana, pima. Maabara zipo kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, TARI Mlingano mkoani Tanga, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO Kabete. Tembea shamba kwa zigizaga, chukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 kwenye vituo 15 hadi 20, ukiruka kichuguu, lilipokaa rundo la samadi, chini ya mti na njiani. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ya mabati itaharibu kipimo cha zinki. Punguza hadi nusu kilo, anika kivulini, andika kipande, tarehe na zao. Kipande chenye rangi tofauti kiwe na mfuko wake. Kama kuna sehemu nzuri na mbaya, peleka zote mbili, kwa sababu tofauti kati yake hueleza zaidi kuliko namba moja peke yake.

Majibu yakija, soma pH kwanza, kisha chumvi, kisha kaboni ya udongo, ndipo uende kwenye madini. Fosforasi ikionekana ya kutosha na pH ni 4.9, nunua chokaa na uache DAP dukani msimu huu.